Mwanamke wa Samaki Wanne

Pireo, Ugiriki
6 Februari 1994

Dada yangu Bernadetha,

Nakusalimu wewe na wote waliomo humo ndani. Mimi mzima, ni baridi tu inayonitesa, magoti yananiuma utadhani nimezeeka. Habari za msiba wa mama zilinikuta melini, nikachelewa kuandika. Mungu ampumzishe. Najua ulimzika vizuri, kwa mambo hayo sina shaka na wewe.

Sasa nisikilize.

Meli nimeacha. Nafanya kazi dukani kwa mzee mmoja anaitwa Lefteri, anauza sarafu za kale za Wagiriki. Nafagia na kufuta vioo, lakini huku nafagia huku najifunza, na sasa nimeanza kukusanya za kwangu. Nachukua za madini ya fedha tu, zenye sura ya mungu wa kike. Ninazo tatu. Moja ina Athena mwenye kofia ya vita. Ya pili ina mama wa mavuno, kichwani kavaa masuke ya nafaka. Ya tatu imelika, lakini ukiiinamisha kwenye mwanga jicho lake linakuangalia. Kila moja nimeilalia njaa, dada, si utani. Nimezichongea sanduku la mbao lenye vishimo, nikatandika kitambaa cha bluu. Kishimo cha nne kiko wazi.

Jumapili iliyopita niliingia kwenye makumbusho ya Athene. Nilipiga kelele mpaka askari akanifuata. Ndani ya kioo alikuwa yule mwanamke wa shingoni kwa mama! Nywele zile zile zimefungwa kwa nyuma, pua ile ile, na samaki wanne wanamzunguka. Ile siyo medali na yule siyo Bikira Maria. Ni sarafu ya Wagiriki wa mji wa Sirakusa, ina zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne, na mwanamke ni Aretusa, mungu wao wa chemchemi. Mzee Lefteri ameuza sarafu maisha yake yote na hajawahi kuwa na hiyo.

Baharia mwenzangu Makoye anakuja likizo mwezi wa saba. Mpe hiyo sarafu. Usiipake mafuta, usiisugue na majivu, usiiguse na kitu cha chuma. Kila mkwaruzo unaiua. Mama ameshapumzika, haihitaji tena.

Ni mimi mdogo wako,
Thadei


Shanwe, Mpanda
27 Machi 1994

Mdogo wangu Thadei,

Barua yako imefika jana, imekaa Tabora sijui ilikuwa inafanya nini. Sisi tupo. Mvua imetupenda mwaka huu, mahindi yamebeba. Upepo ulichukua bati mbili za jikoni, tumeshazirudisha. Baba mdogo Silvester anakusalimu, miguu bado inamvimba. Mwanao Jeannine amemaliza kujifunza cherehani, anashona sare za shule pale sokoni na watu wanampenda kwa sababu hachelewi. Mama yake, Spès, alirudi kwao Burundi mwaka jana kabla ya ile vita, na mpaka leo hatujasikia neno. Jeannine halisemi hilo. Anashona tu. Nakuandikia haya kwa sababu hukuuliza.

Na mengine hukuuliza. Hukuuliza mama aliumwa nini. Hukuuliza tumemlaza wapi. Umemmaliza kwa mistari miwili, halafu "sasa nisikilize". Haya, nimekusikiliza, na jibu ni hapana.

Umesahau au unajifanya? Ile medali hakupewa baba. Baba alikuwa mpishi tu wa yule Mgiriki wa mgodi wa madini ya risasi. Mke wa Mgiriki alipatwa na uchungu barabara zimekatika, daktari wa mgodi yuko safarini, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mama aliitwa kutoka jikoni akiwa na unga mikononi. Akanawa, akamgeuza yule mtoto, akamtoa hai. Yule bwana aliingia chumbani kwake akatoka na medali, akamwekea mama kiganjani huku analia, mwanaume mzima. Baba ndiye aliyeitoboa tundu kwa msumari ili ivaliwe. Padri mmoja wa safari aliibariki, na kitu kilichobarikiwa hakiuzwi, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua hilo.

Tangu hapo kila mwanamke wa mtaa huu aliyezidiwa na uchungu amefungwa medali mkononi. Sasa ninayeitwa ni mimi. Nikiona kazi imenizidi nawapeleka hospitali, na medali inakwenda nao. Wewe una tatu kwenye kitambaa cha bluu na hakuna hata moja iliyowahi kumsaidia mtu.

Makoye akija atakula ugali, atalala, ataondoka mikono mitupu.

Dada yako,
Bernadetha


Pireo
2 Juni 1994

Dada,

Salamu. Mimi nipo, joto limeanza. Natumaini na nyie mpo.

Nyie mnamwomba nani? Hebu nijibu. Mnampigia magoti mungu wa wapagani, halafu Jumapili mnajipanga foleni ya komunyo! Nikimwandikia paroko leo, utaulizwa mbele ya watu wote. Padri wako wa safari hakuwa na miwani siku ile? Bikira Maria na samaki wapi na wapi?

Na wewe hujawahi kuitazama. Umeibeba tu kama ufunguo wa kabati. Aliyeichonga alikuwa fundi wa ajabu. Pembeni ya mdomo pale kaweka kitu kidogo, yule mama anataka kucheka na anajizuia. Mimi nilikuwa naiangalia toka utotoni, nimelala mapajani kwa mama naiona inacheza kwenye kamba. Kwa nini unadhani nakusanya hawa wanawake? Nimezunguka bandari zote hizi namtafuta huyo huyo. Na nyie mnamfunga kwenye jasho na damu, mnamning'iniza kwenye tundu la msumari!

Tena nikukumbushe kitu. Mtoto wa kiume wa mzee ni mimi. Hicho kiwanja cha Shanwe unachokalia kina jina la nani? Nimenyamaza miaka yote hii kwa heshima, usinilazimishe kufungua mdomo. Mzee Lefteri nimeshamwambia na anaingoja. Makoye ameondoka wiki iliyopita kwa meli, mwezi wa saba atakuwa huko. Mpe.

Thadei


Shanwe
15 Agosti 1994

Thadei,

Leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, nimetoka kanisani sasa hivi. Tuko wazima. Wakimbizi wamezidi kule Katumba na bei ya maharage imepanda. Baba mdogo ametembea mpaka sokoni kwa miguu yake mwenyewe, tumefurahi.

Makoye alikuja. Mtu mstaarabu kuliko aliyemtuma. Alinionyesha picha uliyoikata kwenye kitabu, akaniomba aione tu medali. Nilikataa. Alikaa siku mbili, akatupasulia kuni, akaaga. Wakati anaondoka alimwangalia Jeannine akaniambia, "Dada, miaka yote niliyokaa na Thadei chumba kimoja, hajawahi kusema ana mtoto." Nilimwambia asirudie maneno hayo karibu na cherehani.

Kiwanja, njoo uchukue. Njoo na jembe maana kuna magugu. Na paroko mwandikie, stempu nitakurudishia.

Sasa sikiliza wewe. Jeannine ana mimba. Usianze kupayuka. Kijana anaitwa Masunga, Msukuma, kwao wana ng'ombe kule njia ya Inyonga. Hakukimbia. Amekuja baba yake, Mzee Mabula, na wazee wake wawili, wamevua kofia, wamekaa. Wamesema wanamtaka Jeannine kwa heshima yote na ng'ombe ziko tayari. Lakini Mzee Mabula alipoambiwa baba wa binti yu hai ughaibuni, akasita. Kasema hawezi kuchukua mtoto wa mtu kama anaokota kuku njiani. Baba mdogo Silvester alijitolea kusimama, wakakataa kwa adabu. Baba akiwa hai, neno ni lake. Wanataka karatasi yenye mkono wako, isomwe kwenye kikao.

Jeannine amebakiza miezi minne na siku. Anataka aingie kwa mumewe kabla mtoto hajatoka, asije akanyooshewa kidole alivyonyooshewa mama yake. Ulimwacha Spès na mtoto wa miaka miwili. Sikukukumbusha hilo siku zote, leo nakukumbusha. Sikuombi kitu kwa ajili yangu. Andika mistari miwili tu: nimekubali, mimi baba yake. Kuandika mistari miwili unajua.

Bernadetha


Pireo
9 Oktoba 1994

Bernadetha,

Barua nimeipata. Poleni na maharage.

Umesema neno ni langu. Vizuri, leo umekumbuka kwamba mimi nina neno katika nyumba hiyo. Basi neno langu ni hili. Nataka ile sarafu. Ikinifikia mkononi, siku hiyo hiyo naandika kwamba nimekubali, naweka na sahihi na kidole gumba kama hao wazee wanapenda. Isiponifikia, nitamwandikia huyo Mzee Mabula kwamba baba wa binti amekataa, na ng'ombe zake azirudishe malishoni.

Usinione katili. Kuna mambo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Mzee Lefteri ana mtu wake kwenye polisi wa wageni, anayeweza kunipatia karatasi za kuishi huku. Mwezi uliopita walimchukua jamaa mmoja wa Tanga, chumba cha jirani, akiwa na taulo tu. Mimi nikija nyumbani nije kama nani? Nimeondoka mwaka sabini na sita, nirudi na mfuko wa plastiki?

Ni kipande cha madini, Bernadetha. Wewe ndiye unayemzuia huyo binti kuolewa, siyo mimi. Bei yangu unaijua.

Thadei


Shanwe
4 Januari 1995

Thadei,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Baba mdogo alicheza ngoma siku ya Krismasi akakaa chini kwa kicheko. Mvua inaendelea.

Ndani ya kifurushi hiki, kwenye kitambaa nilichokishona, kuna medali. Nimeituma kwa rejesta. Ni yenyewe ya mama, tundu la msumari utaliona. Usinitukane kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako ya mwezi wa kumi niliisoma peke yangu, nikalia, nikasema nitaichoma. Halafu nikasema hapana, kwa nini niibebe mimi? Mzee Mabula alitaka karatasi yenye mkono wako isomwe kwenye kikao, na karatasi ndiyo hiyo. Nikampa katekista aisome mbele ya wote, toka "poleni na maharage" mpaka "bei yangu unaijua". Hakuruka neno. Jeannine alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya wanawake. Sijui alikuwa anaangalia nini, mimi sikuweza kumwangalia.

Baba mdogo alijifunika uso. Mzee Mabula akauliza, "Huyu baba amekataa au amekubali?" Katekista akasema hajakataa, ametaja bei. Mzee akasema, "Kwetu mtu akitaja bei ameshauza. Mpeni anachotaka, awe amelipwa. Ng'ombe zetu zitaingia zizini kwa Silvester, maana kuanzia leo binti ni wa Silvester." Wazee wote wakaitikia. Walikataa baba mdogo asimame badala ya baba aliye hai, lakini badala ya baba aliyelipwa wamemkubali. Tulikubaliana pia kwamba medali haitoki Shanwe mpaka Jeannine ajifungue. Ndoa imefungwa tarehe kumi Desemba, kanisa lilijaa.

Sasa hilo la pili. Wewe ulikuwa unamwona mama akitoka na medali, ukajua anakwenda kumfunga mwanamke mkononi, basi. Kilichofuata hukukiona kwa sababu wanaume hawaingii. Uchungu ukigoma, mama alikuwa anachukua tupa ya baba ya kunolea visu, anaikwangua medali kidogo pale usoni, ule unga unaangukia kwenye maji ya vuguvugu, mwanamke anakunywa. Alikwangua upande wa uso kwa sababu ndiko Bikira aliko. Upande wa pili kuna farasi na gari, akasema farasi hawana kazi na wanawake. Mimi alinifundisha hivyo hivyo na nimefanya hivyo hivyo.

Alianza na nywele. Samaki walikwenda mmoja mmoja. Pua ilikwisha zamani, watoto wa pua sasa ni mabwana wana ndevu. Ulipokuwa unaniandikia nisiiguse na chuma, ulikuwa umebaki mdomo peke yake. Ile pembe ya mdomo unayoisema, kweli alikuwa kama anataka kucheka. Ukasema sijawahi kuitazama.

Jeannine alianza uchungu Jumanne asubuhi, mpaka mchana mtoto hajashuka, na mimi nimeshamwita mtu wa gari atupeleke hospitali. Wakati tunasubiri nilikwangua. Nilikwangua mpaka pakawa laini, maana nilijua kesho haiko kwangu tena, na ningeacha mdomo ule uende kulala kwenye kitambaa cha bluu? Jeannine alikunywa mpaka tone la mwisho. Gari lilipofika alikuwa ameshajifungua, tukampa dereva chai.

Kwa hiyo huyo ndiye mungu wako. Umelipwa. Usituandikie tena neno la kukubali wala la kukataa, hatuna pa kuliweka.

Bernadetha


Pireo
26 Februari 1995

Bernadetha,

Mmekunywa! Mmekunywa mungu, washenzi nyie! Miaka elfu mbili na mia nne amekaa salama, amezikwa, amefukuliwa, amevuka bahari, akaja kufia kwenye kikombe cha bati Shanwe! Vita vyote vya Wagiriki havikumfanya kitu, akaja mama yangu na tupa!

Niliifungua mbele ya mzee Lefteri kwa sababu sikuweza kungoja. Sikuwa nimesoma barua, nilikata kitambaa kwanza. Akaivalia miwani, akaigeuza, akaniuliza uso uko wapi. Mimi nikageuza, nikageuza tena. Akacheka, Bernadetha. Alicheka mpaka akakohoa, akaitupa mezani, akaniambia nisiende tena dukani. Kama nilitaka kumfanya mjinga, kasema, nitafute mjinga mwingine. Ya karatasi zangu sikumwuliza hata.

Ulijua. Toka barua ya kwanza ulijua hakuna uso, ukaniacha namwahidi mtu. Umenichezea. Ungesema neno moja tu mwaka jana, nisingekuwa hapa leo natafuta kazi ya kubeba samaki gatini. Wewe ni mtu mwenye roho mbaya, na hata mama angeona ulichofanya angekushangaa.

Na hicho kikao chenu hakina maana. Hakuna mzee wa Kisukuma anayeweza kunitoa kwenye mtoto wangu kwa kelele za mkekani. Damu haitolewi. Mimi sikuuza mtu. Niliandika nikiwa na hasira na hofu, mtu akiwa na hofu anaandika chochote.

Nimesoma barua yako tena. Umeandika kila kitu, ng'ombe, gari, dereva na chai yake, na hukusema Jeannine anaendeleaje. Hukusema mtoto ni wa kike au wa kiume. Hukusema yu mzima. Nimesoma kurasa zote mbele na nyuma nikifikiri limejificha mahali.

Mtoto anaitwa nani?

Thadei


Shanwe
17 Aprili 1995

Thadei,

Ni wa kike, na ni mzima. Jeannine mzima pia. Analo jina, majirani wote wanalijua.

Nilimsomea Jeannine barua yako akiwa ananyonyesha. Nilitegemea aniambie niichane. Akasema, "Shangazi, mwandikie kama anataka jina aje aulize kwa mdomo wake, nitamwambia."

Hayo ni maneno yake, nimeyafikisha kama alivyoyasema. Yeye bado ana huruma. Mimi nakuambia usije.

Bernadetha